Namna ya kumshusha mheshimiwa kutoka madhabahu ya moyo wako

Nianze na mimi ndio usidhani nakusuta. Agosti 2022, zile siku tulikuwa tunangoja matokeo ya kura ya urais hapa Kenya, nilishinda kwa potali ya IEBC, tume ya uchaguzi, nafungua Fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo, moja baada ya nyingine hadi saa nane usiku, na kwa grupu letu la maombi dada mmoja akaandika mamake amelazwa, tumkumbuke, mimi nikapita hiyo meseji kama sijaiona nikaposti picha ya fomu. Asubuhi bado ilikuwa pale, haijajibiwa na mtu.

Sasa ukitaka kujua kama na wewe umefika huko, pa kumweka mwanasiasa mahali pa Mungu, usijiulize unampenda mheshimiwa kiasi gani, hapo kila mtu hujibu "kawaida tu". Chukua habari mbaya ya mtu wako, iwe ya ufisadi ama matusi jukwaani, uisome tena ukiweka jina la mpinzani wake. Damu ikichemka, na kwa wako ulisema "hiyo ni propaganda", basi shida iko. Mimi nilijaribu na habari tatu nikafeli zote tatu. Halafu kuna ile tunapenda kusema "hata Daudi alianguka", haya, alianguka, lakini 2 Samweli 12 inasema nabii Nathani alimwendea akamwambia usoni wewe ndiye huyo mtu. Mheshimiwa wako ana Nathani gani? Wewe umebeba vuvuzela.

Ukishajipata, anza na maombi. 1 Timotheo 2 inatuambia tuwaombee wafalme na wote wenye mamlaka, haisemi wa chama chako peke yake, kwa hivyo mtaje yule usiyempenda kwa jina, na si ile ya "Bwana mwaibishe". Wiki ya kwanza itakwama kooni, wewe endelea tu. Na hakuna mtu amesema uache siasa, kura piga, diwani mfuate mpaka barabara itengenezwe.

Kanisani ndio kazi iko, hasa kama uko kwa kamati. Mheshimiwa akija mkaribisheni, apewe benchi na kitabu cha nyimbo, sadaka atoe kwa kikapu kama mama mboga, maikrofoni ibaki kwa mhubiri. Si ati haiwezekani: Septemba 2021 kule Butere, siku ya kumweka wakfu Askofu Rose Okeno, Askofu Mkuu Ole Sapit wa Anglikana aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuongea na vigogo walikuwa wameketi hapo hapo. Novemba 2024 naye Askofu Mkuu Anyolo wa Katoliki Nairobi akaagiza pesa za Rais Ruto kwa parokia ya Soweto, hapo Nairobi, zirudishwe, milioni 2 za nyumba ya padri na laki 6 za kwaya na kikundi kingine cha parokia, hata basi waliloahidiwa akalikataa. Hebu fikiria uso wa mwenye kwaya siku hiyo! Na wakianza kumpigia mtu vigelegele mpaka unasahau ni ibada, kumbuka Herode wa Matendo 12, umati ulipaza sauti ati huyu ni mungu anaongea, yeye asimpe Mungu utukufu, akaliwa na chango. Mikono yako weka mfukoni.

Yule dada nilimpigia siku ya nne. Mamake alikuwa ashatoka hospitali. Akaniuliza kama mtu wangu ameshinda.