Namna ya Kupima Kama Ferrari F40 Inastahili Sifa na Bei Yake

Anayetaka kujua kama gari la kasi la zamani lenye jina kubwa linastahili sifa na bei yake aghalabu huanza kwa kosa lilelile, nalo ni kuchukulia sifa na bei kuwa kitu kimoja. Sifa ni ya modeli nzima, na imejengeka kwa miaka mingi kutokana na kazi ya wahandisi, kalamu za waandishi na maneno ya mashabiki. Bei ni ya gari moja, lenye namba yake ya chasisi, lililosimama mbele yako na rangi yake, makaratasi yake na makovu yake. F40 kama modeli inaweza kuwa imestahili kila neno jema lililosemwa juu yake, na bado F40 unayoonyeshwa leo ikawa haistahili fedha inayodaiwa. Kwa hiyo pima sifa kwanza, uimalize, ndipo ushike bei.

Kupima sifa

Rudi hadi Julai 1987, gari lilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Maranello, Italia, makao ya Ferrari, kuadhimisha miaka 40 ya magari ya Ferrari. Injini yake ilikuwa V8 (yaani ya silinda nane) ya lita 2.9 yenye turbo mbili, vifaa vya kusukumia hewa ndani ya injini ili kuongeza nguvu, ikitoa nguvu za farasi 478; bodi ilitengenezwa kwa nyuzi za kaboni na Kevlar, nyuzi nyepesi zenye nguvu sana, juu ya fremu ya mabomba ya chuma; uzito uliotangazwa, bila oili, maji wala mafuta, ulikuwa takriban kilo 1,100; na mwendo wa juu uliotangazwa ulikuwa kilomita 324 kwa saa. Wakati huo ni magari machache mno ya barabarani yaliyotangaziwa mwendo wa namna hiyo. Hapo ndipo penye kipimo cha haki, kwa maana ukiipima F40 kwa magari ya leo utaionea bure: ilihitaji zaidi kidogo ya sekunde 4 kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, na leo yako magari ya umeme ya kubeba watoto shuleni yanayofanya hivyo kwa muda mfupi zaidi, tena kimya kimya. Jambo hilo halipunguzi chochote kwenye sifa ya F40, kama vile ndege ya leo isivyopunguza sifa ya waliovuka bahari kwa tanga.

Baada ya hapo iweke karibu na washindani wa siku zake. Mshindani wa kweli alikuwa Porsche 959, gari lenye farasi 450 na mwendo wa kilomita 317 kwa saa, ambalo kiufundi lilikuwa mbele sana: nguvu yake ilikwenda magurudumu yote manne kwa kuongozwa na kompyuta, sasipensheni yake ilijirekebisha, na lilikuwa na kifaa cha kumwonya dereva upepo wa tairi unapopungua. Lilitengenezwa kwa idadi ndogo, takriban magari 300, ilhali F40, ambayo mwanzoni ilipangwa kutolewa magari 400 tu, iliishia kupita 1,300 hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1992. Kwa hesabu ya uchache na ya ufundi, basi, 959 ingepaswa kuwa ghali zaidi. Sivyo ilivyo. Mwenye kupima asilipite jambo hili haraka, kwani linaonyesha kwamba uchache pekee hauzai bei, na teknolojia pekee haizai bei. 959 ilikuwa dirisha la kutazamia magari yajayo, na magari hayo yalipofika kweli, kila moja lilichukua kipande cha upekee wake. F40 ilikataa vitu ambavyo magari yaliyofuata yalivikubali, kwa hiyo kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo upekee wake ulivyozidi.

Mfano wa upande wa pili ni Jaguar XJ220. Lilionyeshwa mwaka 1988 likiwa na injini ya V12 na nguvu kwenye magurudumu yote manne. Wateja walipokuja kulipokea wakakuta V6 yenye turbo mbili na nguvu kwenye magurudumu ya nyuma tu. Kwa mwendo, lilikuwa na kasi kuliko F40. Kwa idadi, yalitoka magari machache kuliko 300. Hata hivyo bei yake hadi leo ni sehemu ndogo ya bei ya F40, kwa sababu watu walikumbuka ahadi kabla ya kukumbuka gari. Binafsi naona XJ220 imedhulumiwa, na anayetafuta gari la enzi hiyo ambalo sifa yake iko chini ya stahili yake angeanzia hapo.

Hatua ya mwisho katika kupima sifa ni kutoa hadithi. F40 ndiyo modeli ya mwisho iliyoidhinishwa na Enzo Ferrari mwenyewe, mwanzilishi wa kampuni, aliyefariki Agosti 1988, na kifo chake kiliwaita walanguzi: watu walinunua nafasi kwenye foleni, wakauziana magari ambayo hayajatoka kiwandani, na bei ikapanda mara kadhaa kuliko ile ya awali, ambayo nchini Marekani ilikuwa karibu dola 400,000. Miaka michache baadaye soko hilo liliporomoka, na waliochelewa kuuza wakabaki na hasara. Sasa jiulize: kama Enzo angeishi miaka 10 zaidi na kuidhinisha magari mengine matatu, F40 ingebaki na nini? Jibu langu ni kwamba ingebaki na karibu kila kitu, na sababu yake haisomeki kwenye takwimu. Inabidi ukae ndani ya gari.

Kukaa ndani

Mlango wa F40 ni mwepesi hata unatia shaka. Ukitaka kuufungua ukiwa ndani hukuti kitasa. Kuna kamba, unaivuta. Hakuna redio, zulia wala ngozi mlangoni, na kwenye maungio ya bodi na fremu gundi inaonekana kwa macho, imeachwa kama ilivyokauka, kana kwamba fundi aliitwa chai akasahau kurudi kuifuta. Magari ya mwanzo yana madirisha ya plastiki ya kusukuma pembeni. Usukani hausaidiwi na mashine, breki hazina kisaidizi wala mfumo wa kuzuia tairi kujifunga, na pedali inataka mguu wenye nia. Ajabu ni kwamba kiyoyozi kipo, maana bila hicho joto la injini iliyo nyuma ya mgongo wako lingekutoa nje kabla ya safari kuanza.

Katika jaribio la kuendesha, subiri kwanza oili ipate joto. Muuzaji anayekanyaga mafuta injini ikiwa baridi amekwisha kukueleza jinsi gari lilivyotunzwa. Kisha panga gia ya tatu ukiwa mwendo wa chini na ubonyeze mafuta kwa utaratibu. Mpaka injini ifike karibu mizunguko 4,000 kwa dakika utadhani umedanganywa: gari linatembea tu, kama gari jingine lolote lenye kelele. Halafu turbo zinajaa, na nguvu yote inafika kwa mkupuo mmoja. Kuchelewa huko, ukikupima kwa vigezo vya uhandisi, ni kasoro, na wahandisi wa leo wamekuondoa. Kwa anayependa F40 ndiko kunakomlazimu dereva kuipanga kona kabla hajaifikia. Ukiwa ni mtu wa kuudhiwa na jambo hilo, basi kwako gari hili halistahili sifa yake, na huna haja ya kusoma sehemu ya bei.

Kupima bei ya gari moja

F40 nzuri leo huuzwa kwa zaidi ya dola milioni 2, na tofauti kati ya iliyo bora na iliyo ya kawaida inatosha kununua nyumba. Tofauti hiyo huanzia kwenye mwaka na vifaa. Wakusanyaji hupendelea magari ya mwanzo ya soko la Ulaya, yasiyo na katalisti (kifaa cha kusafisha moshi) kwenye ekzosi wala sasipensheni ya kuinuliwa na kushushwa, kwa kuwa ndiyo mepesi na ndiyo yaliyo karibu zaidi na wazo la awali. Usikubali gari la baadaye lililobadilishwa kufanana na la mwanzo liuzwe kwa bei ya la mwanzo. Namba ya chasisi na kumbukumbu za kiwanda, pamoja na cheti cha Ferrari Classiche, idara ya Ferrari inayothibitisha uhalisi wa magari yake ya zamani, kikiwapo, vitakuambia gari lilitoka vipi.

Bodi ndiyo yenye kazi kubwa, na ndipo wengi hudanganywa. Kiwandani F40 ilipakwa rangi nyembamba sana ili kupunguza uzito, nyembamba kiasi kwamba ukiinama na kutazama kwa pembeni kwenye mwanga wa jua unaona mfumo wa nyuzi chini ya wekundu, kama mshono wa mkeka uliofunikwa shuka jepesi. Pita polepole kipande kwa kipande: mlango, boneti, ubavu, kifuniko cha nyuma chenye bawa. Mahali ambapo nyuzi zinapotea na rangi inakuwa laini kama kioo, hapo pamepakwa upya, na swali linalofuata ni kwa nini. Usitegemee kifaa cha kawaida cha kupima unene wa rangi, kwani hicho husoma juu ya chuma. Kwenye nyuzi za kaboni kinahitajika kile cha mawimbi ya sauti. Baada ya hapo gari lipandishwe juu, fundi aliyezoea modeli hii akague mabomba ya fremu akitafuta mahali palipopinda au palipochomelewa, kwa sababu kipande cha bodi kinaweza kubadilishwa na kupendeza, lakini fremu iliyopata ajali haisahau.

Matangi ya mafuta ya F40 ni mifuko ya mpira, sawa na ya magari ya mashindano, na mpira huzeeka gari likitembea au lisipotembea. Kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya takriban miaka 10. Omba risiti yenye tarehe. Mkanda wa taimingi, unaoratibu mwendo wa sehemu za ndani ya injini, nao huhesabiwa kwa miaka kuliko kilomita. Tairi husomwa ubavuni: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009, na gari la kilomita 320 kwa saa lililovaa tairi za umri huo linafaa kusukumwa kwa mkono tu, hata kama kashata za tairi bado ndefu.

Kutokana na hayo utaelewa kwa nini sishauri mtu akimbilie gari lililotembea kilomita 900 tu. Masokoni kilomita chache hulipiwa fedha nyingi, na anayenunua ili kufungia gari kwenye chumba chenye hewa iliyodhibitiwa ana haki ya kulipa. Mwenye nia ya kuendesha ataona kwamba gari lililokaa miaka 30 bila kuwashwa lina sili (raba za kuzuia uvujaji) zilizokauka na mifuko ya mafuta iliyopasuka, na kwamba gari la kilomita 25,000 lenye risiti ya kila mwaka limekwisha kufanyiwa matengenezo ambayo lile jingine bado linayadai.

Ukifika kwenye kupanga bei, usichukue bei wanazotaja wauzaji kwenye matangazo. Hizo ni matumaini. Kusanya bei za minada iliyokamilika, na utazame kama zimejumuisha ada anayolipa mnunuzi, kwa sababu baadhi ya nyumba za mnada hutangaza jumla na nyingine hutangaza bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho ya mnada kabla ya ada. Angalia pia magari yaliyorudi bila kuuzwa, ambayo watu huyasahau ilhali yanaonyesha mahali soko lilipokataa. Linganisha gari lako na yale ya mwaka na vifaa vinavyofanana tu. Kutoka kwenye wastani unaoupata, toa gharama ya matangi, ya mkanda, ya tairi na ya kila kasoro iliyoandikwa na fundi, ukiitumia orodha yake kama ilivyo bila kuizungusha. Kiasi kinachobaki ndicho unachompa muuzaji kwa maandishi, na nakala ya orodha ukiiambatisha, ili akikataa akatae akiwa anajua ni kipi kati ya vitu hivyo anachobisha.