Kutibu mianzi kwa boraksi kabla ya kujengea

Unga laini ukianza kudondoka chini ya boriti ya mwanzi, ujue wadudu wameshaingia na wanaibungua kwa ndani. Wanafuata wanga. Mwanzi uliotibiwa kwa boraksi, chumvi ya boroni inayozuia wadudu, na kukingwa na maji hubeba paa kwa miaka mingi, mahali ambapo ungeweka mbao ngumu au chuma. Usiotibiwa unaweza kubunguliwa ndani ya miezi michache tu.

Anza na umri. Kata mwanzi wa miaka 3 hadi 5. Ulio mchanga una magamba kwenye mafundo na vumbi jeupe juu ya ganda. Uliokomaa una madoa ya kijivu, na ukiugonga kwa mgongo wa panga unatoa mlio mkavu. Njia ya uhakika ni kuandika mwaka kwa rangi kwenye kila chipukizi. Kata wakati wa kiangazi, juu kidogo tu ya fundo la kwanza au la pili kutoka ardhini. Ukiacha kikombe juu ya fundo, maji ya mvua yatatuama humo na kuozesha shina linalopaswa kuchipua tena. Ukiwa na iodini, dondoshea tone penye mkato: ikigeuka buluu nyeusi, wanga ni mwingi.

Sasa toboa mafundo, na hapa usiwe na haraka. Ganda la nje lina nta na silika, dawa haipenyi. Inaingia kupitia ncha zilizokatwa na ukuta wa ndani, kwa hiyo kila fundo litobolewe katikati. Tumia nondo ya milimita 12 hadi 16 iliyochongwa ncha, ndefu kupita nusu ya mwanzi. Piga kutoka upande mmoja, kisha geuza. Kama mwanzi umenyooka, uelekeze kwenye mwanga na uchungulie: ukiona mwanga upande wa pili, umemaliza. Ukiruka mafundo mawili, sehemu yote iliyo kati yake itabaki bila dawa, na humo ndimo wadudu watakamokaa.

Kwa kila lita 100 za maji weka kilo 3 za boraksi na kilo 2 za asidi ya boriki. Zote mbili pamoja huyeyuka vizuri kuliko kila moja peke yake. Ziyeyushe kwanza katika maji ya moto, kisha mimina tangini. Vaa glavu, funika pua unapochanganya, na weka watoto na mifugo mbali.

Loweka mianzi ikingali mibichi, imeoshwa matope. Izamishe ikiwa imeinama ili hewa itoke, kisha iwekee mawe juu, maana itaelea. Iache siku 7 hadi 14. Yenye kuta nene ikae zaidi. Dawa hutumika tena, ila pima ukali wake kwa haidromita, kifaa kinachoelea kuonyesha uzito wa maji ya dawa, na uongeze kilichopungua. Usiimwage shambani wala mtoni: boroni ikizidi huua mimea.

Ikaushe kivulini, imesimama au juu ya vichanja, wiki 4 hadi 8, huku ukiigeuza. Ikianikwa kwenye jua kali, nje hukauka kabla ya ndani na ganda linapasuka kwa urefu.

Boraksi huyeyuka majini, kwa hiyo mvua itaiosha yote. Usichimbie mwanzi ardhini. Uweke juu ya kitako cha zege chenye kimo cha angalau sentimita 40, na upenu wa paa utokeze vya kutosha kuzuia mvua ya upepo isiufikie.

Kwenye viungo, acha misumari, inapasua. Toboa kwa keekee, utumie bolti na washa pana, karibu na fundo. Mahali penye mzigo mkubwa, toboa tundu la sentimita 4 kwenye pingili, yaani sehemu iliyo kati ya fundo na fundo, jaza chokaa ya saruji moja kwa mchanga tatu, kisha kaza bolti chokaa ikishakauka. Pingili tupu hubonyea bolti inapokazwa, na ufa unaoanzia hapo hukimbia hadi fundo linalofuata.