Namna ya Kupata Bolti Inayolingana na Mashine Yako Hapa Dodoma

Msimu wa alizeti ukishaanza, simu nyingi ninazopokea hazihusu mota iliyoungua wala beringi iliyokufa. Zinahusu bolti. Mashine ya kukamua iko Kibaigwa au Mpwapwa, magunia yamepangwa mpaka mlangoni, na kinachokosekana ni bolti moja ya puli. Mwenye mashine ametuma kijana mjini, kijana amerudi na bolti ambayo kwa macho ni ileile, lakini nati inaingia mizunguko miwili kisha inagoma. Kesho yake kijana anapanda gari tena.

Hadiwea zetu kubwa zina bolti, tena nyingi. Ila maduka haya yanamhudumia mjenzi kwanza: saruji, nondo, mabati, rangi, mabomba, hasa tangu Serikali ilipohamia huku na kila upande wa mji ukageuka eneo la ujenzi. Bolti zinakaa kwenye makopo nyuma ya kaunta, huruhusiwi kuingia kuchagua, na muuzaji anazijua kwa jambo moja tu, yaani spana inayozifungua. Shida inaanzia hapo. Namba ya spana inakueleza upana wa kichwa. Unene wa bolti na aina ya meno yake ni habari nyingine kabisa.

Utaratibu ufuatao ndio ninaowafundisha vijana wa karakana yangu kabla sijawatuma dukani.

Hatua ya 1: Safisha bolti ya zamani, usiitupe

Iloweke kwenye dizeli, isugue kwa burashi ya waya mpaka meno yaonekane. Kama imekatika, tunza vipande vyote viwili. Kama imeliwa meno kiasi kwamba haisomeki, fungua bolti jirani yake kwenye puli au kifuniko hichohicho, maana karibu kila mara zinafanana. Na nati yake ichukue pia. Nati nzima inaweza kukueleza yale ambayo bolti iliyoliwa haiwezi.

Hatua ya 2: Pima unene juu ya meno

Tumia kalipa, kile kifaa chenye taya mbili cha kupimia unene. Rula haitoshi hapa. Bolti ya milimita 8 haitasoma 8 kamili; itasoma kama 7.8 au 7.9. Ya 10 itasoma 9.8, ya 12 itasoma 11.8. Hivyo ndivyo zinavyotengenezwa, kwa hiyo usidhani imechakaa.

Bolti za milimita huitwa kwa herufi M na unene wake, yaani M6 ni ya milimita 6. Spana zake za kawaida ni hizi: M6 hufunguliwa na spana 10, M8 na 13, M10 na 17 (mpya nyingine 16), M12 na 19 (mpya nyingine 18), M16 na 24. Bolti za magari ya Kijapani zina vichwa vidogo zaidi: M8 yenye kichwa cha 12, M10 yenye kichwa cha 14, M12 yenye kichwa cha 17. Sasa angalia kinachotokea. Ukisema dukani "nipe bolti ya 17", unaweza kupewa M10 au M12, na muuzaji atakuwa amekupa ulichoomba.

Hatua ya 3: Hesabu meno

Hii ndiyo hatua ambayo watu wanairuka, na ndiyo inayowarudisha mjini. Naomba uisome taratibu.

Kuna bolti za milimita na kuna bolti za inchi, na zote mbili zimo kwenye makopo ya hadiwea zetu. Matrekta ya zamani ya Massey Ferguson, kama ile 135, yana bolti nyingi za inchi. Injini na mashine nyingi za Kichina zinazoletwa siku hizi ni za milimita. Mashine ambayo imepita kwa mafundi kadhaa inaweza kuwa na zote mbili.

Chukua M8 na bolti ya inchi 5/16. Unene wa 5/16 ni milimita 7.94, kwa hiyo kalipa haitakusaidia kuzitofautisha. Kichwa cha 5/16 ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, na spana ya 13 inakikamata vizuri tu. Unene sawa, spana ileile, rangi ileile ya zinki. Lakini M8 ya kawaida ina milimita 1.25 kutoka jino hadi jino, na 5/16 yenye meno manene (yaliyoachana) ina meno 18 katika inchi moja, yaani kama milimita 1.41. Nati ya moja ukiipeleka kwenye nyingine itaanza kwa upole, itazunguka kidogo, kisha itakaza. Fundi mwenye haraka anaongeza nguvu, na hapo meno ya vyote viwili yanakufa.

Jozi nyingine ya namna hiyo ni M12 na nusu inchi. Vichwa vyote viwili vinakubali spana 19. Hapa angalau kalipa inasaidia, kwa sababu nusu inchi ni milimita 12.7.

Kama huna geji ya meno, fanya hivi. Weka rula ubavuni mwa bolti, anzia kwenye ncha ya jino moja, hesabu nafasi 10, kisha soma umbali. M8 ya kawaida itakupa milimita 12.5; 5/16 yenye meno manene itakupa zaidi ya 14. M10 ya kawaida itakupa 15, na ile ya magari ya Kijapani mara nyingi itakupa 12.5. M12 ya kawaida itakupa 17.5, na nusu inchi yenye meno manene 19.5. Nati za magurudumu zina mambo yake: Toyota nyingi ni M12 yenye meno ya 1.5, Nissan nyingi ni M12 yenye meno ya 1.25. Zote ni "nati za 12 za gari ndogo" kwa muuzaji, na haziingiliani.

Njia ya haraka zaidi ukiwa dukani ni kulaza bolti mbili ubavu kwa ubavu, meno ya moja ndani ya meno ya nyingine, kisha ziinue kuelekea mwanga wa mlangoni. Zikikaa bila mwanga kupenya katikati, meno yanalingana. Ukiona mwanga unapenya upande mmoja, rudisha.

Hatua ya 4: Urefu

Pima kuanzia chini ya kichwa mpaka mwisho. Bolti yenye kichwa cha kuzama peke yake ndiyo hupimwa pamoja na kichwa. Nati ikishakazwa, meno mawili hivi yabaki nje. Na kama bolti inaingia kwenye tundu lisilotokea upande wa pili, isiwe ndefu kuliko ya mwanzo: itagota chini, utahisi imekaza, kumbe haijabana chochote.

Angalia pia sehemu isiyo na meno. Kwenye puli au flenji, sehemu ile laini ndiyo inayobeba mkato, kwa hiyo bolti yenye meno mwili mzima si mbadala wake.

Hatua ya 5: Soma kichwa

Juu ya kichwa cha bolti nzuri ya milimita kuna namba: 8.8, 10.9 au 12.9. Kwenye 8.8, namba ya kwanza ina maana chuma kinavumilia mvuto wa takriban megapaskali 800 (kipimo cha mkazo) kabla ya kukatika, na ya pili kwamba kitaanza kurefuka bila kurudi kikifika asilimia 80 ya hapo. Za inchi hutumia mistari: mistari 3 inakaribia 8.8, mistari 6 inakaribia 10.9.

Bolti nyingi za makoponi hazina alama yoyote. Zinafaa kwa geti, meza na paa. Usizifunge kwenye nyundo za mashine ya kusaga, kwenye puli wala kwenye gurudumu la injini. Pembeni ya mashine ile wamesimama akina mama na ndoo zao za mtama, na watoto migongoni. Bolti ikikatika huku mashine ikizunguka, kipande hakichagui pa kwenda. Kwenye jambo hili sina lugha laini: kama duka halina yenye alama, mashine isubiri.

Kinyume chake kipo pia. Baadhi ya shafti za trekta na mashine za kupukuchua zina bolti iliyowekwa makusudi iwe dhaifu, ikatike kabla giaboksi haijavunjika. Pale usiweke 10.9 kwa kudhani unaboresha.

Hatua ya 6: Namna ya kuomba dukani

Andika kwenye karatasi unene, umbali wa jino hadi jino, urefu na namba ya kichwa, hivi: M10 × 1.5 × 50, 8.8, yenye meno nusu, na nati na washa zake. Kijana unayemtuma mpe karatasi hiyo pamoja na sampuli. Kaunta huwa na watu, na mazungumzo ya kawaida yanakwenda hivi:

"Kaka, naomba bolti ya 17."

"Ndefu au fupi?"

"Ya kati."

Baada ya hapo kila kitu ni bahati. Badala yake sema: "Kaka, naomba M10 ya meno ya moja na nusu, nina sampuli hii hapa, naomba niijaribu kabla sijalipa." Ukiomba kwa heshima na usipojaza foleni, wengi wanakubali.

Jaribu kwa vidole, bila spana, nati mpaka mwisho wa meno. Jaribu kila jozi, kwa sababu kopo moja huwa na mchanganyiko: mteja wa jana alirudisha asiyoitaka na ikatupwa humohumo. Nati inunue hapohapo na bolti yake. Bolti nyeupe za kuchovywa kwenye zinki ya moto zinahitaji nati zake zilizokatwa pana kidogo. Nati hizo ukizipeleka kwenye bolti ya kawaida zitalegea.

Hatua ya 7: Hadiwea ikishindwa

Usizunguke hadiwea nyingine tano zenye makopo yaleyale. Bolti za meno laini (yaliyokaribiana) ziko kwa wauza spea za magari, za inchi kwa wauza spea za matrekta, na nyingine nzuri sana, zenye alama, ziko gereji kwenye injini zilizofunguliwa. Upande wa Kizota, penye viwanda na karakana, tafuta fundi wa kukereza vyuma. Atakukatia meno kwenye chuma kizuri ukimpa sampuli na nati. Fimbo ndefu ya meno inayouzwa kwa mita inasaidia kubana bomba au fremu, lakini kwa kawaida chuma chake ni laini. Isiende kwenye puli.

Kama hata huko hakuna, agiza Dar es Salaam, ije kwa basi. Tuma picha ya bolti ikiwa imelala kwenye rula, na vipimo vyote vinne vimeandikwa.

Hatua ya 8: Kuifunga, na kuweka akiba

Safisha tundu, weka tone la oili, anza kwa mkono mizunguko mitatu au minne ndipo ushike spana. Kwa bolti zisizoshika kutu weka grisi, kwa sababu hushikana zenyewe zikikazwa zikiwa kavu.

Mwenye mashine kijijini, iwe Bahi, Kongwa au Chamwino, awe na kopo lake lenye mfuniko. Ndani yake ziwepo bolti za puli na za nyundo za mashine yake mwenyewe, za ziada mbili mbili, kila moja ikiwa na nati yake imefungwa juu yake, na karatasi ya vipimo ndani ya mfuko wa nailoni. Ukutani karibu na swichi, aandike vipimo hivyohivyo kwa rangi, ili atakayekuwa zamu siku hiyo aweze kuvisoma kwa simu.