Johann watatu nyumba moja

Ukifuatilia familia ya Kijerumani iliyoshukia Philadelphia, Amerika, enzi za ukoloni wa Waingereza, usikate tamaa watoto wasipoonekana kwenye orodha za meli. Kuanzia 1727 waliotakiwa kula kiapo cha utii ni wanaume wa miaka 16 na kuendelea. Wake na watoto wengi hawakuandikwa.

Nenda kwenye vitabu vya ubatizo vya makanisa ya Kilutheri na ya Kikalvini, na usome jina la pili. Johann Georg, Johann Peter na Johann Adam wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja, kila mmoja akiitwa nyumbani kwa jina lile la pili. (Johannes ni habari nyingine, hilo ni jina la kuitwa.) Inaniuma nikiona wawili wamefanywa mmoja, mtoto mzima akafutika kwenye ukoo! Nakili pia wasimamizi wa ubatizo, kwani mara nyingi walikuwa ndugu wa baba au mama.

Baba alikufa mapema? Tafuta walezi waliowekwa na mahakama ya mayatima ya kaunti. Na Zimmermann akipotea ghafla, jaribu Carpenter: majina mengine yalitafsiriwa kwa Kiingereza, na haya yote mawili maana yake ni seremala.