Namna ya Kubuni Viumbe Wasaidizi, Nusu Mboga Nusu Mnyama, kwa Katuni ya Watoto wa Kusini

Katika katuni ya Octonauts, iliyoanza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Uingereza mwaka 2010, wamo viumbe wadogo waitwao Vegimals, nusu mboga na nusu mnyama, ambao huwapikia wavumbuzi wa baharini, huwasaidia kazi za kituoni, na huzungumza lugha ambayo wenzao wengi hawaielewi. Mtoto wa Mikindani akiwaona huwapenda papo hapo, ila yule mkuu wao ni tanipu, mboga ambayo mtoto huyo hajapata kuiona sokoni wala shambani kwa bibi yake. Mwongozo huu ni wa mwalimu, mzazi au kijana yeyote wa Mtwara na Lindi anayetaka kubuni viumbe wa namna hiyo kutokana na vitu ambavyo watoto wetu wanavijua kwa kuvishika, kisha kuwatengenezea filamu fupi kwa simu na karatasi.

Kwanza, amua mboga ni nini

Kiswahili hakikurahisishii kazi hii. Ukiuliza nyumba yoyote ya Lindi leo kuna mboga gani, utajibiwa dagaa, maharage, kisamvu cha nazi au pweza, kwa sababu mboga ni chochote kinachosindikiza ugali. Kwa hesabu hiyo pweza peke yake ni mboga na ni mnyama, na kazi imekwisha kabla hujashika penseli. Mimi nimejiwekea mpaka wa kile kinacholimwa: muhogo, mchicha, bamia, boga, mbaazi, nyanya chungu. Matunda nayaacha, ingawa bibo lenye korosho yake inayoning'inia chini kama pua hunitia tamaa kila msimu. Ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayochoma ngozi, na msaidizi asiyeweza kukumbatiwa atakusumbua katika kila kisa.

Tafuta mahali ambapo mboga na mnyama wanafanana

Kosa la wanaoanza ni kuchukua kichwa cha mnyama na kukibandika juu ya mboga, kama kofia iliyoazimwa. Kiumbe mzuri ana mahali pa kuungia ambapo mtazamaji hawezi kusema mboga imeishia hapa na mnyama ameanzia pale. Boga na kobe ni mfano rahisi, kwa kuwa migongo ya boga tayari ni gamba, na ningekushauri uanze na huyo kwa mazoezi tu, kisha umwache, maana kila mtu atakuwa amemfikiria.

Nenda shambani badala yake. Ng'oa shina moja la muhogo uliokomaa, likung'ute udongo, ulisimamishe juu ya jamvi huku mti ukielekea juu, halafu uchuchumae ulitazame kwa usawa wa macho ya mtoto. Utaona mihogo mitano, sita, pengine minane, imetawanyika kutoka shingo moja, minene karibu na shina na myembamba kwenye ncha, kama minyiri ya pweza aliyeshuka mwambani. Huyo ndiye Pweza Muhogo, na hukuhitaji kumlazimisha. Majani ya kisamvu, yenye vidole vilivyochanuka, yanakuwa nywele zake, na makovu ya majani yaliyodondoka kwenye mti yanaweza kuwa vifungo vya koti.

Sasa umenye kidogo, kwa sababu hapa pana hazina. Ganda la nje ni la kahawia na limekwaruzika. Chini yake, katika aina nyingi, kuna ganda la pili lenye rangi ya waridi. Ndani kabisa ni nyama nyeupe. Pweza naye hubadili rangi ya ngozi yake kulingana na mahali alipo na hali aliyo nayo. Basi kiumbe wako ana rangi tatu ambazo mtoto anazijua tangu jikoni: kahawia akijificha, waridi akiona haya, nyeupe akiwa kazini. Hutalazimika kuchora uso wenye hisia kumi na mbili; vichwa vitatu vya karatasi vinatosha.

Jambo moja la tahadhari katika muhogo: aina chungu zina sumu ya sianidi na hazifai kuliwa mbichi, ndiyo maana huandaliwa kwanza kwa kulowekwa au kukaushwa kuwa makopa. Usimwonyeshe mtoto yeyote wa katuni akimng'ata msaidizi huyu kwa utani.

Kazi na udhaifu vitoke katika nusu zote mbili

Msaidizi asiye na kazi maalumu ni pambo. Uliza mboga inafanya nini, kisha uliza mnyama anafanya nini, na kazi iwe pale majibu yanapokutana. Muhogo hukaa chini ya ardhi. Pweza huingia katika tundu ambalo hukudhani angeenea. Kwa hiyo Pweza Muhogo ndiye anayechokoa vilivyokwama: ndoo iliyozama kisimani, nanga iliyonasa kwenye tumbawe, mbuzi aliyeingiza kichwa penye uzio.

Udhaifu ndio unaoleta hadithi, na watu wengi huusahau. Pweza hawezi kukaa nje ya maji kwa muda mrefu, na mihogo ikishang'olewa huanza kuharibika ndani ya siku mbili tatu. Nusu zote mbili, basi, zinamtaka arudi nyumbani mapema, na kila kisa kinakuwa na saa inayohesabika bila ya wewe kuiweka: maji ya bamvua yametoka, watoto wametembea mbali juu ya mwamba, na msaidizi wao anaanza kulegea. Hapo ni zamu ya watoto kumsaidia yeye, jambo ambalo kwa maoni yangu ni lazima litokee walau mara moja katika kila kisa, la sivyo umetengeneza mtumishi wa nyumbani mwenye majani kichwani.

Mfano wa pili nauchukua bara kidogo. Uwanda wa juu wa Rondo, mkoani Lindi, umempa jina komba mdogo sana, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, macho makubwa ya usiku, na mkia wenye manyoya yaliyosimama kama brashi ya kuoshea chupa. Acha mchicha bustanini mpaka utoe mbegu, utazame lile suke lake: ni mkia uleule. Komba Mchicha hulinda usiku na hulala mchana kutwa, na ninakiri kwamba sababu mojawapo ya kumpenda ni kuwa kiumbe anayelala hahitaji kuchorwa mara nyingi.

Asitishe, lakini asipooze

Wazazi wengine huogopa kwamba kiumbe aliyeungwaungwa atawatisha watoto. Kusini si mahali pa kuanza hofu hiyo, kwa kuwa wachongaji wa Kimakonde wamekuwa wakichanganya viungo vya watu na wanyama katika vinyago vya mashetani kwa miongo mingi, na George Lilanga, aliyezaliwa wilayani Masasi mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, aliwahamishia mashetani hao kwenye picha za rangi kali, wenye masikio makubwa na midomo mipana, wakachekesha kuliko kutisha. Tazama picha zake uone siri iko wapi. Hakuwapunguzia ajabu yao. Aliwapa shughuli, mmoja anacheza, mwingine amebeba kitu, wa tatu anamgeukia mwenzake. Kiumbe wa ajabu aliyesimama kimya akikukodolea macho hutisha, na yuleyule akihangaika na ndoo huwa jirani.

Jina, upatanisho na sauti

Mboga ikipata roho, sarufi yake hubadilika. Tunasema boga limeviringika, lakini mhusika akiitwa Boga tunasema Boga ameviringika, na mtoto wa miaka minne husikia tofauti hiyo papo hapo. Itumie. Katika kisa cha kwanza, msimulizi aseme "boga limeanguka", kisha macho yafumbuke, kisha aseme "Boga ameamka". Sijui njia fupi zaidi ya kutangaza kwamba kitu kimekuwa kiumbe. Katika kuchagua majina epuka kiambishi cha udogo bila kufikiri: Kibamia, kwa mfano, ni jina ambalo mtaa umekwisha kulipa maana ya watu wazima, na chumba kizima kitacheka pasipostahili.

Kuhusu lugha yao, huna haja ya kubuni maneno. Tunazo tanakali za sauti, nazo hubeba maana hata zikisimama peke yake. Pweza Muhogo akijitosa majini aseme "chubwi", akianguka, "pu", giza likiingia, "ti", kukipambazuka, "pe", watoto wakilala, "fofofo". Ukizuia msamiati wake usizidi sauti kumi, watazamaji watawatafsiria wenzao baada ya kisa kimoja, na kuelewa kile ambacho mtu mzima hakielewi ni nusu ya raha ya katuni kama hii.

Kutengeneza

Kata viungo kwa karatasi ya manila, viunganishe kwa uzi uliofungwa fundo pande zote mbili, uvilaze juu ya meza, na ufunge simu juu yake isicheze, ikiwa katika hali ya ndege ili mtu asipige ukiwa katikati ya kazi. Piga picha, sogeza kiungo kidogo, piga tena. Picha 12 kwa sekunde zinatosha, kwa hiyo filamu ya sekunde 20 inahitaji picha 240, kazi ya mchana mmoja kwa watu wawili wasio na haraka. Minyiri minane ingekuwa adhabu, lakini kumbuka kwamba mihogo haipindi: acha mizizi iwe migumu na usogeze ncha tu. Tumia taa, usitegemee dirisha, kwa sababu wingu moja likipita filamu nzima itapepesa.

Wala usitumie majani halisi. Mara ya kwanza niliweka kisamvu kibichi juu ya kichwa cha Pweza Muhogo nikifurahia uzuri wake, na kufikia picha ya arobaini joto la taa lilikuwa limekinyausha, kwa hiyo katika filamu kiumbe wangu mchangamfu alionekana akidhoofika ndani ya sekunde tatu. Mpwa wangu aliuliza kama anaumwa. Nilirudia kazi yote kwa karatasi ya kijani.

Filamu ikishakamilika, ionyeshe bila sauti kwa watoto watatu ambao hawakuona ukiitengeneza, na usiwaambie chochote. Wakitaja mnyama peke yake, nusu ya mboga ni hafifu, rudi uongeze majani au rangi ya ganda; wakitaja mboga peke yake, ongeza mwendo wa mnyama. Wakianza kubishana kama ni muhogo au ni pweza, weka sauti.