SOMO: Kutoa mafuta ya harufu kwenye mimea, njia ipi kwa mmea upi

Habari wadau. Wengi wanaloweka karafuu kwenye mafuta ya nazi wiki mbili halafu chupa wanaiandika "mafuta ya karafuu". Hayo ni mafuta ya nazi yenye harufu ya karafuu, kwa kuchulia yanafaa sana, ila siyo yale ya kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) kule Wawi, Pemba, pale wanatumia mvuke.

Mmea ndo unaamua njia. Majani magumu, vikonyo na viungo vikavu ni mvuke. Maganda ya machungwa na malimao unakamua bila moto, minya ganda karibu na kiberiti uone zile cheche, ndo mafuta yenyewe yanaruka.

Mvuke nyumbani, tuchukue mchaichai:

1. Kata majani, yaache kivulini siku moja yanyauke.
2. Sufuria kubwa, weka jiwe safi katikati, maji yasifike juu ya jiwe, majani yazungushe pembeni, juu ya jiwe weka bakuli la chuma.
3. Funika na mfuniko umeugeuza, kishikio kiangalie bakuli, juu yake jaza barafu. Hapa usilale, barafu ikiyeyuka badilisha, la sivyo mvuke unapotea na harufu inajaa jikoni wakati chupani hamna kitu.
4. Moto mdogo masaa mawili.
5. Maji ya kwenye bakuli mimina kwenye chupa ya glasi nyembamba, iache imesimama mpaka asubuhi, mafuta yatapanda juu, vuta na bomba la sindano.

Usitegemee mengi, hata kwa mtambo mzuri kilo 100 za majani mabichi zinatoa gramu 200 mpaka 500 tu.

MASWALI

Asumini je? Nimeichemsha ikanuka kama mboga.
Dada, asumini haitaki moto kabisa. Viwandani wanatumia kemikali inaitwa heksani, inalipuka, nyumbani usijaribu. Zamani Ufaransa, mji wa Grasse, walikuwa wanalaza maua kwenye mafuta mgando na kubadilisha maua kila siku mpaka mafuta yashike harufu, hiyo unaweza.

Ya ndimu naweza kupaka usoni?
Ya kukamua hapana, ukikaa juani yanaunguza ngozi vibaya. Ya mvuke hayana shida hiyo, ila bado changanya kwanza na mafuta ya nazi.

Mkuu mi nimefanya karafuu, nikasubiri usiku mzima juu hamna kitu, maji meupe tu kama tui, nikamwaga.
Aisee pole, umemwaga mafuta. Ya karafuu ni mazito kuliko maji, YANAZAMA. Tazama chini ya chupa utaona tone la njano limekaa kama asali, mimina maji taratibu libaki lenyewe. Na chupa iwe ya glasi, plastiki yanaila. Yale maji meupe bado yana mafuta ndani, yarudishe sufuriani mkupuo unaofuata.