Namna ya kusoma jiwe la Horus

Ukiingia katika jumba la makumbusho lenye vitu vya Misri ya kale, iwe Cairo, London au New York, tafuta bamba la jiwe, mara nyingi dogo kiasi cha kushikika kwa mkono mmoja, lililochongwa mtoto aliye uchi akiwa amesimama juu ya mamba huku amekamata nyoka, nge, simba na choroa mikononi. Ni rahisi kulipita, kwa kuwa kibandiko chake kwa kawaida hueleza picha tu na kunyamazia kazi yenyewe. Kazi hiyo ilikuwa kutibu walioumwa na nyoka au nge, na yeyote anayetaka kulielewa jiwe hili hana budi kulitazama akiwa na maji akilini.

Kabla ya yote, liweke kando neno uchawi, kwa maana kwetu neno hilo limebeba ubaya na usiku. Wamisri walisema heka, yaani nguvu ambayo kwayo ulimwengu uliumbwa, nayo pia ilikuwa mungu mwenye jina hilohilo. Mafundisho yaliyotungwa kwa ajili ya mfalme Merikare yanasema kwamba Muumba aliwapa wanadamu heka iwe silaha ya kukinga mapigo ya mambo yatakayowafika. Makuhani waliitumia hekaluni mchana kweupe, na mama aliyemfungia mwanawe hirizi shingoni aliitumia vilevile nyumbani kwake. Uganga ndilo neno letu lililo karibu zaidi.

Sasa mtazame mtoto. Kishungi cha nywele kinachoning'inia upande mmoja wa kichwa ndicho alama ya utoto, na mtoto huyu ni mungu Horus, mwana wa mungu wa kike Isis. Angalia pia kwamba anakukabili uso kwa uso, jambo lisilo la kawaida katika michoro ya Wamisri, ambao walizoea kuwachora watu kwa upande. Juu yake kuna kichwa cha Bes, yule mungu mwenye ndevu na ulimi uliotoka nje, mlinzi wa wanawake wanaojifungua na watoto wachanga, ambaye sura yake ya kutisha ilikusudiwa kuwatisha wabaya, wala si wenye nyumba.

Hatua inayofuata ndiyo muhimu kuliko zote: fuata njia ya maji. Maji yalimwagwa juu ya jiwe, yakateremka juu ya picha na maandishi, yakakusanywa chini, kisha mgonjwa akayanywa au akaoshwa nayo. Katika Jumba la Makumbusho la Misri mjini Cairo imo sanamu ya Djedhor, kuhani wa mji wa Athribis wa karne ya 4 KK, iliyofunikwa maandishi karibu mwili mzima, ikiwa na jiwe la Horus mbele ya miguu na beseni lililochongwa kwenye kitako chake, ili maji yasipotee hata tone. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hatahitaji maelezo marefu hapa, kwani aliyewahi kuona kombe likiandikwa kwa zafarani kwenye sahani, likaoshwa na kunywewa, anajua jinsi maandishi yanavyoweza kuwa dawa bila mgonjwa kujua kusoma. Imani ni mbali na mbali, lakini utaratibu unafanana. Kwa sababu hiyo usishangae ukiambiwa kwamba maandishi ya baadhi ya mawe madogo yamekatika au yameharibika kiasi cha kutosomeka. Maji ndiyo yaliyoyasoma.

Ukitaka kujua mistari ilianzia wapi, angalia ndege na wanyama walio ndani ya maandishi wanaelekea wapi, kwa sababu nyuso zao huelekea mwanzo wa mstari. Zunguka pia nyuma ya jiwe, ambako mara nyingi ndiko kwenye maneno mengi. Jiwe maarufu la Metternich, lililochongwa zama za mfalme Nectanebo wa Pili (360–343 KK) na ambalo sasa liko New York, linasimulia jinsi Isis alivyomficha mwanawe katika matete ya delta ya mto Nile, akaenda kutafuta chakula, akarudi na kumkuta amelegea kwa sumu. Kilio chake kikaisimamisha mashua ambayo jua husafiri nayo angani, naye Thoth, mungu wa hekima, akashuka kumponya mtoto, kwa tangazo kwamba jua halitasogea mpaka Horus apone. Hapo ndipo penye kani ya dua yenyewe: mgonjwa anawekwa mahali pa Horus, na ulimwengu mzima unashikwa rehani kwa ajili yake.

Usidhani kwamba waganga wa Misri ya kale walitegemea maneno pekee. Papirasi, yaani hati ya kale ya mafunjo, iliyoko Brooklyn, New York, inaeleza aina za nyoka na dalili za sumu zao, kisha inataja dawa nyingi ambazo vitunguu vimo ndani yake, na dua zimo humohumo.

Mwisho, inama uutazame uso wa mtoto kwa karibu, taa ikiwa ubavuni. Katika baadhi ya mawe haya pua na midomo imelainika, si kwa mvua wala mchanga, bali kwa vidole vya watu waliousugua.